Kabati na Mwenye Kabati

Alfajiri moja ya kiangazi, nikiwa njiani kwenda kuswali, katika mojawapo ya zile barabara za Buyenzi, Bujumbura, zilizopewa nambari badala ya majina, na ambazo sisi tuliokulia humo tumezizoea nambari zake kama mtu anavyozoea majina ya wajomba zake, nilipita mbele ya kibaraza cha duka la vipuri lililokuwa bado limefungwa, nikaona watoto watano wamelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, miguu yao imetiwa ndani ya magunia ya mchele, na mtu mzima mmoja, aliyevaa viatu safi mno kwa saa ile na mahali pale, amesimama juu yao akimwamsha mmoja kwa ncha ya kiatu. Mtoto hakushtuka. Aliketi, akafumua mshono wa koti lake, koti la mtu mkubwa lililomfika magotini, akatoa kifurushi cha plastiki kisichozidi kidole gumba, akampa. Yule mtu akamtupia noti moja iliyokunjwa, akaenda zake kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kulipa kodi ya pango.

Mama mmoja auzaye chai na maandazi kwenye kona ile, ambaye mimi ni mteja wake wa miaka mingi, aliona kwamba nimeona. "Mzee," akaniambia huku akiendelea kupepea makaa, "usisimame sana hapo. Yule huja kila siku. Watoto hawa ndio kabati lake." Nikamuuliza kama polisi hawapiti njia ile. "Hupita, Mzee, mbona hupita! Lakini wao hubeba kabati. Mwenye kabati huwa keshakwenda."

Nimesoma vitabu vya sheria kiasi, wala sijidai kuwa wakili. Lakini sijaona ibara iliyoeleza biashara ya mihadarati miongoni mwa watu wasio na makazi kwa usahihi uliomo katika maneno yale ya mama muuza chai. Kwani sisi raia wema, tumwonapo mtoto wa mitaani na kete mkononi, hudhani tumemwona mnunuzi, na mwenye dhana mbaya zaidi hudhani amemwona muuzaji, ilhali aghalabu tulichokiona ni chombo: ghala isiyodai kodi, tarishi asiyedai mshahara, na mlinzi alalaye njiani mwenye masikio mepesi, ambaye akipotea leo hakuna mama atakayekwenda kituo cha polisi kuuliza habari zake.

Kilichomo katika kete zile vijana wa hapa hukiita boost, jina linaloahidi nguvu, na hakuna nguvu yoyote humo. Ni heroini, ile ile ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa huiita unga, na waliotekwa nayo huwaita mateja. Ilitoka katika mashamba ya mpopi ya Afghanistan, ikateremshwa hadi pwani ya Makran, ikavushwa Bahari ya Hindi ndani ya majahazi, vyombo vya jamaa moja na vile vilivyowaletea mababu zetu tende na mazulia wakati wa kaskazi, ikashushwa katika fukwe za Afrika Mashariki, na sehemu ya shehena hiyo, ile isiyoendelea na safari yake kwenda Ulaya, ikapanda bara kwa barabara hadi ikafika kwenye ziwa letu. Watumiaji wengine huichanganya na bangi wakaivuta, wengine hujidunga, na mtoto ambaye hajaifikia bado hunusa gundi ndani ya chupa, akingoja siku yake.

Msomaji aliyelala jana usiku chini ya paa na ndani ya chandarua aniwie radhi nikimweleza kwa nini muuzaji humpenda sana mtu alalaye nje. Unga huondoa baridi. Unga huondoa njaa, na huondoa, kwa saa chache, ile kumbukumbu ya nyumba iliyokuwapo na mama aliyekuwamo. Mtu mwenye chumba na kazi huweza kuwa na sababu moja ya kuuonja na sababu kumi za kuuogopa; mtu wa kibarazani hali yake ni kinyume cha hiyo. Mara ya kwanza hupewa bure, kama mfanyabiashara mwerevu apeavyo mteja mpya kionjo cha asali, na mara ya tano huambiwa bei, na kuanzia hapo hana haja ya kushawishiwa, maana arosto itamshawishi yenyewe: mafua yasiyokauka, tumbo linalokatika, mifupa inayouma kana kwamba inasagwa, na usingizi uliokimbia kabisa. Hapo ndipo asiyekuwa na fedha huambiwa kwamba ipo njia nyingine ya kulipa, nayo ni kuhifadhi mzigo mdogo tu, katika mshono wa koti.

Wala watu hawa hawakuteremka kutoka mwezini. Wapo ambao wazazi wao walitupwa mjini na vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wapo waliotawanywa na msukosuko wa kisiasa wa 2015. Wapo ambao baba zao walikuwa wachukuzi wa Soko Kuu mpaka asubuhi ile ya tarehe 27 Januari 2013 lilipoteketea, likaondoka na riziki ya maelfu ya watu kwa siku moja. Na tangu 2020 wamekuja pia wale wa Gatumba, ambao nyumba zao ziliingiwa na maji ya mto Rusizi na ya ziwa, yakakaa humo kama mgeni asiyeaga. Kila msiba uliolipata taifa hili umeacha mashapo yake juu ya vibaraza vya Bujumbura, nasi hupita asubuhi tukiyaruka mashapo hayo kwa uangalifu ili tusichafue kanzu.

Katika miji ya Ulaya na Marekani ziko nyumba maalumu za kuwapokea watu wasio na makazi, zenye vitanda, saa za kufunguliwa na daftari la majina, na huko umezuka mjadala juu ya sheria inayostahiki kumwadhibu kwa ukali zaidi yule anayejibanza nje ya milango ya nyumba hizo ili awauzie sumu wanaoingia na wanaotoka. Sisi nyumba za namna hiyo ni chache mno. Tunavyo vituo vichache vya watu wa kheri vinavyowapa watoto mlo na masomo mchana, na kwingineko hifadhi yetu ni baraza la msikiti, ukumbi wa kanisa, chini ya daraja la Ntahangwa wakati mto umepungua maji, na kibaraza cha tajiri mwenye huruma au asiyeamka mapema. Lakini tofauti hiyo isitudanganye, kwa kuwa muuzaji wa Bujumbura anazijua hifadhi zetu zisizo na milango, na saa za kila moja, kuliko anavyozijua afisa yeyote wa serikali. Anajua chakula kinagawiwa wapi siku ya Ijumaa na wapi siku ya Jumapili, naye hufika na wenye njaa, hatangulii wala hachelewi.

Je, tuige sheria za wenzetu? Tuzitazame kwanza. Marekani, mwaka 1984, ilipitisha sheria iliyoruhusu adhabu ya juu kuongezwa maradufu kwa aliyeuza mihadarati ndani ya futi 1,000 za shule, ambazo ni kama mita 300, na majimbo yakafuata kila moja kwa kipimo chake, yakiongeza bustani na majengo mengine, hata miduara ile ikawa mingi kama mapele ya surua. Nia ilikuwa njema. Lakini katika miji iliyobanana, mahali ambapo shule, bustani na nyumba za mafukara zimesongamana, miduara iliingiliana hata ikafunika karibu mtaa mzima, na matokeo yake ni kwamba fukara, na hasa mtu mweusi, alihukumiwa kwa uzito zaidi kwa kosa lile lile alilolitenda tajiri wa shambani mbali na shule, hata kama hapakuwa na mtoto yeyote karibu na ilikuwa usiku wa manane. Massachusetts ilitambua jambo hilo, na mwaka 2012 ikapunguza kipimo chake kutoka futi 1,000 hadi futi 300, tena ikaziondoa saa za usiku mkubwa.

Sasa chukua bikari, msomaji wangu, utie ncha yake juu ya ramani ya Buyenzi, kwenye kibaraza kile cha duka la vipuri, uchore duara la mita 300. Utakuwa umezungusha misikiti, madrasa, magereji, wauza ndagala, mafundi cherehani, na watu maelfu wasiojua heroini ina rangi gani. Chora la pili kutoka daraja la Ntahangwa na la tatu kutoka kanisa la jirani, na hapo hakuna tena nje ya duara. Na sheria ambayo kila mahali ni mahali pake maalumu haina mahali maalumu hata pamoja. Itakachofanya ni kumpa askari asiyekuwa na insafu sababu moja zaidi ya kumkamata mkazi wa mtaa wa kimasikini, na kumwacha salama muuzaji wa jumla, ambaye nyumba yake, kwa bahati isiyo ya bahati, iko mlimani kwenye upepo mzuri na mbali na hifadhi yoyote.

Uingereza nayo iliirekebisha mwaka 2005 sheria yake ya mihadarati ya mwaka 1971, ikawaagiza mahakimu wahesabu kuwa ni jambo la kuzidisha uzito wa kosa ikiwa muuzaji aliuza karibu na shule kwa saa ambazo wanafunzi huitumia, au ikiwa alimtumia mtu wa chini ya miaka 18 kuwa tarishi wake. Nusu ya kwanza ni ile ile hadithi ya duara. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame, kwa sababu haipimi ardhi kwa kamba. Inamtazama mtu aliyetumiwa, inauliza alikuwa na umri gani, na inauweka uzito wa kutumiwa kwake juu ya shingo ya aliyemtumia. Hiyo ndiyo sheria inayojua tofauti ya kabati na mwenye kabati.

Na sisi je? Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoandikwa upya mwaka 2009 na kurekebishwa kwa sheria ya tarehe 29 Desemba 2017, inaadhibu biashara ya mihadarati, na katika hilo sina lawama. Inasema pia kwamba mtoto asiyetimiza miaka 15 hawajibiki mbele ya sheria ya jinai, na hilo ni jambo la rehema na busara, ambalo kwa bahati mbaya muuzaji wa unga amelisoma kwa makini kuliko mawakili wetu, maana akitafuta mshono wa kuficha kete zake huutafuta katika koti la mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye hakimu hawezi kumhukumu, na ambaye asipohukumiwa hurudi kibarazani kesho kuwa kabati tena. Lakini kanuni hiyo hiyo imebeba kutoka zama za ukoloni makosa ya uzururaji na ombaomba. Kwa hiyo mtu alalaye nje, ambaye muuzaji humwona kama chombo, sheria nayo humwona kama taka, na kati ya wawili hao sijui ni nani aliyemdhulumu zaidi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, safari ya siku moja na nusu ya basi kutoka hapa, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zinazomkamata mtu kwa hali yake na wala si kwa tendo lake, haziafikiani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wala na ule wa Haki za Mtoto. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990 na ambao Katiba yetu imeufanya sehemu yake, unaziagiza dola katika ibara ya 33 ziwakinge watoto na mihadarati, na zizuie wasitumiwe katika kuitengeneza na kuichuuza. Wasitumiwe. Neno liko pale, katika mkataba tuliotia sahihi kwa mkono wetu, zaidi ya miaka thelathini kabla ya mama muuza chai kunipa tafsiri yake.

Nakumbuka mwaka 2022, mamlaka yalipoazimia kuwaondoa watoto wa mitaani na ombaomba katika barabara za Bujumbura, watu wengi wa mtaani kwangu walifurahi, nami sikuwalaumu kwa furaha yao. Vibaraza vilikuwa vitupu kwa muda. Kisha nyuso zikaanza kurudi, moja moja, nyembamba kuliko zilivyoondoka, na katika siku zile ambapo vibaraza vilikuwa vitupu yule mtu wa viatu safi sikumsikia kuwa amefilisika; alihamia tu kwenye magofu na mifereji, mahali ambapo wanaokimbia msako hujificha, na ambapo hapana mama muuza chai wa kumwona. Msako humpa muuzaji zawadi mbili kwa mkupuo: huwasukuma wateja wake mbali na macho ya watu, na huwafundisha kumwogopa askari kuliko wanavyomwogopa yeye.

Najua nitakavyojibiwa. Jirani yangu mmoja, mtu wa murua na mwenye kutoa sadaka kwa mkono wake mwenyewe, ameng'olewa vioo vya gari mara mbili mwaka huu, na ameapa kwamba wezi ni hao hao ninaowaonea huruma. Huenda ni kweli. Arosto haina dini wala haya, na mwizi ni mwizi. Aadhibiwe kwa wizi wake, kwa tendo alilolitenda, mbele ya hakimu. Lakini nilimuuliza jirani yangu vioo vipya alivinunua wapi, akacheka, akaniambia alivinunua hapa hapa Buyenzi, kwa bei nzuri, na nadhani kimoja kilikuwa chake mwenyewe. Sisi watu wa mtaa huu wa vipuri tunayo maswali ya kujiuliza kabla ya kunyoosha kidole, nami najitia katika hesabu hiyo.

Ninachokidai, basi, ni hiki. Wabunge waifungue tena Kanuni ya Adhabu, waandike ndani yake, kwa lugha isiyohitaji mfasiri, kwamba kumuuzia mihadarati mtoto, au mtu asiye na makazi, au mgonjwa wa akili, kwa kuujua na kuutumia unyonge wake, ni kosa zito kuliko kuuza kwengine kokote, liwe limetendeka mlangoni pa kituo cha watoto au kilometa tano kutoka hapo. Na kwamba kumfanya mnyonge huyo kuwa ghala, tarishi au mlinzi ni kosa la peke yake, lenye adhabu ya peke yake, inayojumlishwa na ile ya kuuza. Mtoto anayekutwa na kete achukuliwe kwa kanuni kuwa shahidi anayestahiki hifadhi, mpaka ithibitike vingine. Uzururaji ufutwe. Polisi wapimwe kwa wenye makabati waliowafikisha mahakamani, maana kwa idadi ya makabati yaliyobebwa kwenye gari la wazi hata mimi ningeweza kuonekana shujaa.

Lakini sheria peke yake ni ukuta bila nyumba. Aliyetekwa na unga hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mtu ambaye jioni atamhitaji kama mgonjwa anavyomhitaji tabibu, na kwa hiyo kila hakimu anayetaka mashahidi lazima kwanza atake waganga. Tanzania ililielewa hilo ilipoanza kutoa dawa ya methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, mgonjwa akinywa kipimo chake kila siku mbele ya muuguzi, bure, pasipo kete wala deni. Kenya ikafuata kuanzia mwishoni mwa 2014, Zanzibar ikafungua kliniki yake Kidongo Chekundu mwaka 2015, na mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni hizo za asubuhi atakuambia kwamba humo wamo waliorudi kazini, wakaoa, wakasamehewa na mama zao. Hapa kwetu kipo kituo cha Kamenge cha maradhi ya akili, ambacho mabruda wa Kikatoliki wamekiendesha kwa miaka mingi kwa subira ya kustaajabisha, lakini kituo kimoja hakiwezi kubeba mji. Milango ya tiba iwe mingi kuliko milango ya muuzaji, na iwe karibu na vibaraza, pasipo kumdai mgonjwa kitambulisho ambacho alikipoteza na nyumba yake.

Bunge letu lingali likikutana Kigobe, na kutoka Kigobe hadi Buyenzi, kabla ya jua kuchomoza, gari halichukui robo saa. Nawasihi waheshimiwa waje siku moja, wawili au watatu tu, bila msafara wala king'ora, wakati wa adhana ya alfajiri. Chai ya mama yule ina tangawizi ya kutosha, na kutoka kwenye benchi lake kibaraza huonekana chote. Wasichelewe, kwa sababu yule mwenye viatu safi hachelewi.